Dohani Kinyumenyume

Lushoto wakati wa kipupwe si mahali pa kujidai na kanga moja. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba ukaingia barazani bila hodi. Wajerumani waliupenda kwa sababu hiyohiyo, wakauita Wilhelmstal na kujenga nyumba zenye dohani. Waingereza wakafuata. Nyumba za namna hiyo siku hizi hupangishwa hata watu wa pwani, ambao hawajawahi kuishi na dohani wala hawajui inataka nini. Ndio sisi. Baba watoto alipohamishiwa huko kikazi, tulipanda kona zote za kutoka Mombo na jokofu letu limefungwa kamba juu ya gari, tukafikia nyumba ya mawe yenye meko ya kuotea moto sebuleni.

Mume wangu aliipenda ile meko kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Kabla hatujapata pa kutundika vyandarua, yeye alikuwa ameshaagiza kuni. Zikaja za miwati, zilizokatwa wiki ileile, maganda yangali yanatoka maji. Muuzaji alisema ni nzuri, na kwa upande wa bei hakukosea. Julai nzima tuliota moto. Watoto walichoma mahindi na viazi vitamu, mimi nikanywa chai ya tangawizi nimenyoosha miguu. Raha ilikuwapo, siikatai.

Kuni mbichi, lakini, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Wajuzi wa mambo haya hutaka kuni ambazo maji yake hayafiki asilimia 20. Zikiwa mbichi, moto hupoteza nguvu kwa kuchemsha maji, na moshi hupanda dohani ukiwa umepoa. Ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke wake hugandia ukutani, ukawa lami nyeusi inayonata: kreosoti. Kwa hiyo kila jioni tulipokuwa tukicheka pale chini, kule juu dohani ilikuwa inapakwa koti jingine.

Moto ulizimwa Septemba. Harufu ilikuja Oktoba, na mvua za vuli. Niliamka asubuhi moja sebule inanuka ng'onda aliyelowekwa kwenye majivu. Nilitafuta samaki jikoni, nikamtazama paka kwa jicho baya, nikafungua hata kabati la viatu.

Hapo kila mtu akatoa hukumu yake. Mume wangu alisema ni mapazia. Yakafuliwa, na Lushoto ya vuli haina jua la kukausha pazia, basi yakaanikwa ndani, sebule ikaongezewa harufu ya nguo mbichi. Dada anayetusaidia kazi alisema ni zulia. Likatolewa nje likapigwa fimbo. Jirani akasema ni kuta. Mume wangu akanunua rangi ya maji, akapaka ukuta wa juu ya meko mwenyewe, amevaa kofia ya gazeti. Baada ya muda mfupi madoa ya moshi yakajitokeza upya juu ya ile rangi nyeupe, manjano ya chai ya maziwa. Rangi ya maji haiwezi kuyafunika madoa ya moshi peke yake. Ukuta huoshwa kwanza, kisha hupakwa rangi ya kuzuia doa. Hilo tuliambiwa na muuza rangi, baada ya kutuuzia.

Siki nayo ilijaribiwa, na siki si mbaya. Mkasa ulikuwa pale dada alipotaka kuiongezea nguvu kwa dawa ya klorini ya kutakatisha nguo nyeupe. Nilimkuta ameshika chupa moja kila mkono, nikapiga ukelele uliofika sokoni. Siki ikikutana na klorini hutoa gesi inayounguza mapafu. Heri ng'onda.

Mwishowe tukaweka bakuli la mkaa ndani ya meko, maana mkaa una vitundu vidogo mno vinavyonasa harufu. Ulisaidia kidogo. Ungesaidia zaidi kama mama mkwe asingefika.

Alikuja kutoka Pangani na kikapu cha maembe, chetezo chake, udi na ubani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akasimama mlangoni, pua juu. "Nyumba yenu imepatwa na nini?"

Kabla sijamaliza kueleza alishaliona lile bakuli. "Mkaa umekaa tu bila kazi?" Akachota, akawasha chetezo, akafukiza sebule, vyumba, mpaka stoo. Sasa ng'onda alikuwa amevalishwa kwenda harusini. Wageni waliokuja kumsalimia walikaa kidogo, wakasifu maembe, wakaaga.

Ila ubani huohuo ndio uliotutoa gizani. Ilikuwa alasiri yenye jua kali baada ya mvua, saa ambayo harufu ilikuwa inazidi, jambo lililotushangaza sana, kwani tulitegemea jua lisaidie. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, feni ya kutoa moshi inavuma. Mama alikuwa amekiweka chetezo mbele kabisa ya meko, akikusudia kumfuata adui mpaka nyumbani kwake. Fundi wa paa, mzee wa Kisambaa aliyekuja kuangalia bati linalovuja, akasimama katikati ya sebule anatazama ule moshi. Haukupanda dohani. Ulilala, ukaipa dohani kisogo, ukavuka sebule na kuelekea jikoni.

"Mama, zimeni hiyo feni," akaniambia.

Nikazima. Moshi ukapunguza mwendo, lakini bado ukaja ndani. Akafungua dirisha la jikoni, akaniambia niwashe tena. Moshi ukasimama wima.

"Nyumba hii inapumulia dohani," akasema, "na dohani yenyewe chafu."

Maelezo yake nimeyahakiki baadaye, na yako sawasawa. Feni ikitoa hewa nje, ni lazima hewa nyingine iingie mahali pake. Madirisha yakifungwa kwa baridi, tundu kubwa lililobaki wazi ni dohani. Hata bila feni, kuta nene za mawe huweka ubaridi ndani wakati nje jua linachoma. Hewa baridi ni nzito, hutambaa na kutokea chini ya milango, na nyingine hushuka kupitia dohani kuijaza nafasi. Njiani hupita juu ya ile kreosoti iliyolowa mvua, ikatuletea harufu yake sebuleni. Mapazia yalikuwa hayana kosa.

Usiku ule mume wangu, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, alisoma kwenye simu habari za Benjamin Thompson, yule mzaliwa wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Count Rumford. Mwaka 1796 alichapisha maandishi ya kufundisha watu kuibana koo ya dohani na kufanya meko isiwe na kina kirefu, ili moshi upande na joto lirudi chumbani. Asubuhi akaipima yetu kwa futi, akatangaza kwamba koo yake ni pana mno. Fundi akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Na huyo bwana atapanda juu ya bati saa ngapi?"

Akapanda yeye, na brashi ya waya na kamba. Chini tulitakiwa kuziba mdomo wa meko kwa shuka lililoloweshwa ili masizi yasitoke, na hapo palitokea mjadala wa shuka la nani. Likachukuliwa la mume wangu. Zilitoka ndoo za masizi, na kiota kikavu cha ndege. Kile kibati cha kufungia koo ya dohani, ambacho sisi hatukujua kama kipo, kilikuwa kimeshikwa na kutu kikiwa wazi. Huko juu hapakuwa na kofia, mvua ilikuwa inaingia moja kwa moja. Fundi akatengeneza kofia ya bati iliyo wazi pembeni na kuizungushia wavu, akakipaka kibati grisi mpaka kikakubali kufunga. Mawe ya meko tukayasugua kwa sabuni na maji ya moto. Mwenye nyumba alipoombwa achangie gharama alijibu kwamba Wajerumani wenyewe hawakuweka kofia.

Jioni hiyo meko ilikuwa bado mbichi na baridi imeanza. Mume wangu akapendekeza tuingize jiko la mkaa chumbani, tufunge dirisha. Mama alisimama mlangoni akamwambia kama anataka kuzika watoto aseme. Sikuwahi kumpenda mkwe wangu kama dakika ile. Harufu ya moshi inaudhi, lakini walau inajitangaza. Monoksidi ya kaboni ya mkaa haina harufu, na mtu hulala humo asiamke.

Harufu imekwisha, isipokuwa mtu akiwasha feni ya jikoni kabla ya kufungua dirisha siku ya mvua kubwa. Hapo ng'onda huchungulia. Mama hajarudi Pangani. Kuni za kipupwe kijacho zimepangwa barazani chini ya paa tangu Novemba, na yeye ndiye msimamizi. Kila mara mume wangu anapozisogelea, mama huchukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio. Kikavu hulia, kibichi hutoa sauti ya kuziba.

"Bado," humwambia.

Juzi baridi ilibana, baba watoto akamwomba mamake ruhusa ya kuwasha moto katika nyumba anayoilipia kodi mwenyewe. Mama akagonga, akasikiliza, akamrudishia kuni zake.