Guku Anajibu: Maneno 200 ya Kuingilia Chuo cha Sanaa

Msimu wa maombi ya vyuo umeingia huku kwetu Somanda, Usukumani, na kikapu changu cha barua kimejazwa lumbesa. Safari hii hakuna aliyeachwa na mchumba wala aliyedhulumiwa shamba. Wote wanalilia kisanduku kimoja kwenye fomu ya chuo cha sanaa: "Eleza kwa nini unataka kusoma hapa. Maneno yasizidi 200." Vijana wanaocheza ngoma tangu asubuhi hadi kuku walale wamesimama mbele ya kisanduku hicho kama ng'ombe aliyeonyeshwa daraja.

*Guku, shikamoo. Nimeandika maneno 640 na bado sijafika darasa la tano. Nipunguze wapi? — Mwingi wa Habari*

Marahaba. Nimeyasoma yote, nikapumzika mara mbili njiani. Unaanza na "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu", na hapo juu hakuna kichwa cha habari. Unaendelea: "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20, mchapakazi na mwenye afya njema." Hiyo ni barua ya kuomba ulinzi wa ghala la pamba. Halafu ukasema msanii ni kioo cha jamii. Mjukuu wangu, kioo hicho kimetazamwa na kila mwombaji tangu nchi ipate uhuru, kimeshapasuka.

Lakini ukurasa wa pili, karibu na doa la chai, umeandika mistari miwili kama mtu anayeomba radhi. Ulikuwa unacheza bugobogobo, ukarusha jembe juu, likachomoka kwenye mpini na kuangukia kwenye mihogo ya watu. Ukaendelea kucheza na mpini mtupu. Bibi mmoja akapiga vigelegele akidhani ndiyo mtindo mpya, na wiki iliyofuata vijana wawili wakaja uwanjani na mipini mitupu makusudi.

Anzia hapo, jembe likiwa hewani. Eleza mkono ulifanya nini pale mpini ulipokuwa mwepesi ghafla, na kwa nini hukusimama. Ukimaliza utakuta umetumia maneno 180. Ishirini yaliyobaki sema unataka kujifunza nini. Ya darasa la tano yaache, vyeti vitayasema.

*Guku, baba yangu ni wa Bagalu, wajomba wote ni Bagika. Nikitaja upande mmoja, wa pili hawatanichangia nauli. — Katikati ya Uwanja*

Hiyo sentensi yako ya kwanza ndiyo sentensi ya kwanza ya maelezo yako. Wewe umezaliwa nayo, kwa hiyo huioni. Msomaji wa fomu aliyekulia Tanga au Lindi hajui kwamba Usukumani mtu anazaliwa ndani ya timu ya ngoma, na kwamba wazee wetu wanaurudisha mgawanyiko huo kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi.

Mweleze pia mashindano yenyewe, maana hayafanani na ya luninga. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake. Watazamaji wanahukumu kwa miguu: wanakimbilia huku, wanakimbilia kule, na aliyejaza watu ndiye mshindi. Ndiyo maana ningi, yaani kiongozi wa ngoma, analeta fisi, analeta chatu, na wengine wanajipaka dawa ya samba ili umati uvutike kwao. Ukienda Bujora, karibu na Mwanza, kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, mwezi wa sita, utayaona kwa macho.

Sasa msomaji mwenye rundo la fomu mezani ni umati wa mtu mmoja. Akiisoma yako na kuhisi kwamba kwenye duara la jirani kuna fisi, anahama. (Samba usijaribu. Maombi siku hizi yanatumwa mtandaoni, na dawa haipandi intaneti.)

Kuhusu nauli, wasomee pande zote mbili aya hiyo kwa sauti. Kila upande utadhani ndio umesifiwa.

*Guku, kijana wa steshenari ameniuzia maelezo kwa shilingi 2,000, Kiswahili kimenyooka ajabu. Tatizo binamu yangu anayo hayohayo. — Mteja*

Na binti wa jirani yenu anayo pia, kaniletea jana. Naye ni "mtoto wa kiume wa pekee katika familia". Yametungwa na akili mnemba, ndiyo maana yanasema ulikua ukibembelezwa na mawimbi ya bahari. Somanda! Maji makubwa ya karibu ni ziwa, na mpaka ufike Lamadi. Siku ya usaili utaulizwa habari za mawimbi hayo. Dai hela yako.

*Guku, je, nikisema nimefiwa na wazazi nitahurumiwa? Wote wazima. — Mwenye Haraka*

Mama yako ndiye aliyeniletea barua hii. Alikuwa ameifungua.

*Guku, baba anasema hauzi ng'ombe ili mtu akasomee kucheza, maana kucheza ninajua. — Bila Ada*

Baba yako ameuliza swali lilelile la chuo, ila kwa ukali. Kucheza kweli unajua. Mwanamuziki Hukwe Zawose naye alikuwa ameiva kwa zeze na marimba za Kigogo kwao, na kwenye chuo cha sanaa cha Bagamoyo akawa mwalimu. Alizunguka dunia na muziki huo hadi alipofariki 2003. Wewe si Zawose, na chuo hakimtafuti mtu asiye na cha kufundishwa. Waombaji wengi wanajaza kisanduku kwa majigambo, na ukisoma unajiuliza wanaondoka nyumbani kufuata nini. Andika usichokijua: kusoma noti, kutega taa za jukwaa, ngoma za Wazaramo na Wamakonde, kuandaa onyesho ambalo watu wanakata tiketi. Kisha mpe baba karatasi hiyohiyo aisome jioni akishakula. Ng'ombe mmoja nadhani atatoka. Wawili sikuahidi.

*Guku, niandike Chuo cha Sanaa Bagamoyo au TaSUBa? — Mwangalifu*

TaSUBa. Chuo kilianza 1981, jina likabadilika 2007. Herufi "a" zote mbili ni ndogo.

Barua za wiki ijayo zisizidi ukurasa mmoja. Na aliyeniletea kurasa tisa akiuliza namna ya kuandika kwa ufupi aje azichukue, kikapu hakifungi.