Mkalimani wa Lebo za Siri
Katika SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux uliotolewa hadharani mwaka 2000 na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, kila faili hubeba lebo, yaani kibandiko kinachosaidia kuamua ni nani anayeruhusiwa kuligusa. Kompyuta hutosheka na umbo kavu kama «s0:c0.c1023», maana yake ngazi ya sifuri pamoja na makundi yote 1024, ilhali binadamu, ambaye hapendi kusumbuliwa na namba, huonyeshwa SystemHigh, yaani kilele cha mfumo, pasipo kuambiwa kwamba kilele chenyewe kiko kwenye sifuri. Ugeuzaji huo umekabidhiwa mcstransd, programu ifanyayo kazi chinichini kwa kusoma jedwali la setrans.conf, ambamo msimamizi aweza kuandika kuwa «s0:c7» ni «Mishahara» au, akiamka vibaya, «Chai ya Ofisini»; kiini cha mfumo hakitauliza, kwani hicho hulinda c7, si chai. Programu hiyo ikizimwa, ulinzi haupungui hata chembe, isipokuwa wakubwa hulazimika kusoma namba, jambo ambalo katika ofisi nyingi huhesabiwa kuwa hitilafu ya dharura.