Sifa za Taa Nyekundu ya Chaji

Washairi walikwisha kuusifu mwezi, na taa za mbele za lori hazikosi taniboi wa kuzipangusa kila machweo. Lakini sijapata kumwona mtu akisimama hadharani kuitolea sifa ile taa ndogo nyekundu ya chaji, isiyotosha kumulika hata saa ya mkononi ya dereva, ijifichayo pembeni mwa dashibodi ya Bedford kuukuu, ambayo wenye malori wa Rodi Kopany, pale barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo inapoachana na ile ya Ndhiwa, huikabili kwa uso ule ule wanaomkabilia mdai. Na kwa kuwa dhalili hana wakili, naomba idhini niwe wakili wake.

Kila nuru duniani hutukuzwa kwa kuwaka. Hii peke yake hutimiza wajibu wake kwa kuzimika. Dereva akifungua swichi huwaka mara moja, kumwarifu kuwa i hai na tayari kwa kazi, kisha injini ikishanguruma hujiondoa barazani bila kungoja shukrani, adabu ambayo wageni wengi wa karamu zetu hawakujaliwa. Wala haizimiki kwa kubahatisha. Upande mmoja imeshikwa na umeme wa betri, upande wa pili na umeme wa dainamo au altaneta. Maadamu nguvu za wawili hao zimelingana, umeme hauna pa kukimbilia, na taa hunyamaza. Dainamo ikilegea, taa huwaka, isijali kwamba mwenye lori ni mheshimiwa au kwamba shehena inangojwa.

Hebu tuitazame kazini. Lori limepakia saruji, linapanda kutoka Homa Bay, ziwa limebaki nyuma, na taa inawaka. Dereva huapiza, naye mwenye lori akipigiwa simu huapiza zaidi. Wala hapana akumbukaye kwamba mkanda uzungushao altaneta ndio huo huo, katika malori mengi ya zamani, uzungushao feni na pampu ya maji, hata ukikatika, taa hii hutangulia kupiga mbiu ilhali geji ya joto bado imelala. Fundi hubonyeza mkanda kwa kidole gumba, katikati ya puli mbili: ukizama kupita nusu inchi hivi, umelegea, ukiwa umeng'aa ubavuni, unateleza. Mkanda ukiwa mzima, hutia mita kwenye betri, nayo ikisoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na isikaribie hata 14 ikiwa inanguruma, basi lawama iko kwa kaboni zilizolika, au kwa katauti idhibitiyo volti, au kwa waya ulioshika kutu.

Lakini wako wanaochukia nasaha. Mmoja huibandika utepe mweusi. Mwingine, ajionaye mjuzi zaidi, huchomoa balbu yenyewe, akaendesha kwa raha. Hapo ndipo fadhila yake kuu hudhihirika. Bedford za mtindo wa J, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958, zilikuja kwanza na dainamo, ambayo huamka kwa usumaku uliobakia chumani mwake, hivyo aliyechomoa balbu hupoteza habari tu. Lakini lori likishabadilishiwa altaneta, kama mafundi wapendavyo, umeme haba upitao katika balbu hiyo ya wati 2 na kitu ndio aghalabu unaoiamsha altaneta ianze kuzaa umeme wake. Aliyeinyamazisha taa kwa njia hiyo ameinyamazisha chaji yenyewe, na alfajiri atawaomba vijana wa stendi wamsukume, akiwaapia kwamba jana usiku hakuona onyo lolote; na kwa hilo, wallahi, anasema kweli.

Mahasidi wake wana hoja moja nisiyoweza kuikana. Katauti ikishindwa kuzuia, volti zikapanda kupita 15, betri huchemka, harufu ya yai viza ikamfikia dereva puani, na taa yetu imezimika kwa utulivu kamili. Jawabu langu ni kwamba iliajiriwa kulalamikia njaa. Habari za kuvimbiwa hazikuandikwa katika mkataba wake.