Mwezi Hautaki Flashi

Zima flashi kwanza. Mwanga wake unaishia mita chache mbele yako, na mwezi uko wastani wa kilomita 384,000. Kitakachong'aa ni kisogo cha mwenzio, naye hakudamka ili apigwe picha ya kisogo.

Kisha chagua mwezi. Wengi husubiri mwezi mpevu, wakaamka saa kumi, wakafika kwenye miamba ya Coco Beach, Dar es Salaam, wakaikodolea macho Bahari ya Hindi. Mwezi uko nyuma yao, unazama juu ya mapaa ya nyumba za watu! Mpevu huzama magharibi jua likikaribia kutoka, na pwani hii inatazama mashariki. Unaoutaka wewe ni ule mwembamba wa tarehe 27 hivi za Kiislamu, unaolitangulia jua kutoka baharini. Huku karibu na ikweta huchomoza umelala chali kama dau, na ile sehemu yake ya giza huonekana kijivu kwa mwanga unaorudishwa na dunia. Kwangu mimi hakuna mpevu unaoufikia kwa uzuri.

Bahari nayo ina ratiba yake. Siku za bamvua maji ya Dar hujaa mnamo saa kumi alfajiri, kwa hiyo mwamba uliousimamia kwa raha saa nne asubuhi, saa hiyo umefunikwa. Ile tarehe 27 maji huwa yameanza kupwa, lakini mwamba umelowa, mwani unateleza, na matumbawe yanakata nyayo. Kandambili zibaki nyumbani. Kakague njia mchana, muulize mvuvi maji yatakuwaje, na alfajiri usiende peke yako.

Sasa kamera. Kwa lenzi ya milimita 50, mwezi haufiki hata nusu milimita kwenye sensa. Utaonekana nukta, na rafiki zako watadhani ni taa ya meli. Tumia milimita 200 au zaidi, juu ya stendi ya miguu mitatu. Ukitaka mwezi uwe mkubwa kando ya mwamba, usiusogelee: rudi nyuma, uuache mwamba mbali.

Kumbuka pia kwamba mwezi ni jiwe linalopigwa na jua. Tarehe 1 Novemba 1941, huko Hernandez, New Mexico, mpiga picha Ansel Adams alikikosa kipima mwanga chake jioni ikimponyoka; akakadiria kwa kiwango cha mng'ao wa mwezi alichokuwa amekihifadhi kichwani, na picha ile ikawa maarufu kuliko zake zote. Nawe pima mwezi wenyewe, si giza linalouzunguka. Shata isizidi sekunde moja, kwani mwezi unatembea. Piga moja kwa ajili ya mwezi, nyingine kwa ajili ya mwamba.

Fanya haraka. Alfajiri ya ikweta ni fupi: tangu mwamba uanze kuonekana umbo hadi jua kutoka ni kama dakika 20. Na kila wimbi likipasuka, kagua lenzi. Chumvi ikikauka hapo, kila mwezi utakaoupiga utakuwa na ukungu.