Kasida ya Swali la Mlangoni

Washairi wetu wamesifu majahazi, mashujaa na wanawake wenye mwendo wa madaha. Sijasikia ubeti hata mmoja wa kumsifu mhudumu wa ndege anayesimama juu ya ngazi, akatabasamu, kisha akakuomba ile kadi ya kupandia uliyokwisha kuizika ndani ya mkoba, chini ya pasipoti na vitumbua. Deni hilo nalilipa leo.

Wanaolichukia swali hili wana hoja. Umekaguliwa kaunta, umevuliwa mkanda kwenye ukaguzi, na getini mashine imelia "tii" mbele ya mashahidi. Hatua chache baadaye unaulizwa upya, kana kwamba njiani umegeuka mtu mwingine.

Ewe swali tukufu, wewe peke yako unajua kwamba inawezekana! Pale Terminal 2 ya Uwanja wa Julius Nyerere, kama ilivyo kwenye viwanja vyetu vingi, abiria wa ndani hutembea kwa miguu au hupanda basi hadi ndege ilipo. Ndege zenyewe zimepangwa ubavu kwa ubavu, zina rangi moja na mkia mmoja, na abiria ana simu sikioni. Wa Bukoba anaweza kabisa kufuata kisigino cha wa Kigoma. Mashine ya getini inajua umepita. Ngazi uliyoifuata haiijui. Basi mhudumu anasoma namba ya safari, halafu tarehe, kwa sababu wapo wanaokuja na kadi ya jana kwa kujiamini kabisa.

Na wakati unapekua mkoba, yeye anafanya kazi nyingine kimyakimya. Ananusa pumzi yako, maana mlevi ni rahisi kumwacha ardhini kuliko kumtuliza angani. Anaangalia kama unaumwa. Akikutazama kifua na mabega kwa muda, usijidanganye kwamba umependwa: anatafuta mtu mwenye nguvu wa kumsaidia kwenye mlango wa dharura mambo yakiharibika. Kwenye ndege pana kama Dreamliner, yenye njia mbili ndani, neno lake moja tu, "upande ule", linakuepusha kukanyaga miguu ya watu ukiwa umebeba begi kichwani.

Kisha kuna hesabu. Idadi ya vichwa lazima ilingane na karatasi za safari, na rubani hupiga hesabu ya uzito kwa karatasi hizo. Lingine ni zito zaidi, na hapa utani naupumzisha. Juni 1985, ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka karibu na Ireland na kuua watu 329. Bomu lilikuwa ndani ya begi la abiria ambaye hakupanda. Tangu hapo usalama wa ndege umeshikilia kwamba begi lisisafiri bila mwenyewe. Ndiyo maana ukipotelea ndege ya jirani, vijana wa mizigo watafukua tumbo la ndege yako kulitafuta begi lako, huku abiria wenzako wakilisikia jina lako kwenye kipaza sauti na kuliombea mabaya.

Ukaguzi ukilegea mambo huwa hivi: Novemba 2024 mwanamke mmoja alipenya uwanja wa JFK, New York, akaingia ndani ya ndege bila kadi yoyote na kuvuka Atlantiki. Aligundulika angani, akihama choo kimoja hadi kingine. Alifika Paris, ila kwa kukamatwa.

Lawama moja naikubali: swali hili halina huruma na simu. Kioo huzima mguu ukishafika ngazi ya mwisho, chaji hubaki asilimia mbili, na ile picha ya kadi hujificha nyuma ya picha za harusi ya binamu. Hata hapo nalisifu, kwani ni nani mwingine aliyewahi kumfundisha mjomba wangu kuchaji simu kabla ya safari?

Kwa hiyo, ndugu abiria, ukitoka getini usiirudishe kadi mkobani. Ishike mkononi mpaka ukae, na ukiulizwa, itoe bila kuguna. Nyuma yako kuna watu sabini wamesimama juani.