Uma Tisa za Ntheo

Wakwe walipotuma habari kwamba wangeleta mbuzi wa ntheo, posa ya Kikamba, Jumamosi, baba alifikiria kuni, maji na tenti. Shangazi alifikiria uma. Alikuwa amefundisha sayansi kimu miaka mingi, na tangu astaafu hakuna mtu Kyuso aliyewahi kula mbele yake kwa amani.

Alipanda matatu hadi Mwingi, akarudi na makasha mawili ya vyombo vya kukodi. Kila mpini ulikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, ili mwenye duka atambue mali yake.

“Mwaitu,” alimwambia mama yake, susu wetu, “hawa wageni ni watu wa Nairobi.”

Susu alikuwa akipepeta mbaazi. “Watu wa Nairobi hawana mikono?”

Siku ikafika. Birika na besheni vikapitishwa kama ilivyo desturi, wageni wakanawa, kisha wakabaki na mikono safi isiyo na kazi. Shangazi alisimama mlangoni akisimamia mtihani: kisu kulia, uma kushoto. Maana yake chakula kiingie kinywani kwa mkono wa kushoto, ambao Ukambani, kama ilivyo Lamu, haulishi mtu, sembuse mbele ya wakwe. Mzee mmoja alihamishia uma kulia, kisu kikakosa pa kushikwa. Wamarekani wengi hula hivyo, wakikata kwanza, wakiweka kisu chini, ndipo wanahamisha uma. Mzee hakujua kwamba ana wenzake.

Muthokoi nao uligoma. Punje za mahindi zilizokobolewa kinuni zilipenya kati ya meno ya uma zikarudi sahanini. Ningewaonea huruma zaidi kama nisingejua habari za Thomas Coryat, Mwingereza aliyezuru Italia mwaka 1608 akawakuta watu wakishikilia nyama kwa uma wakati wa kukata. Aliiga, akaandika kitabu mwaka 1611, na marafiki zake wakamfanyia mzaha. Yaani hao waliotuletea uma walianza kwa kuucheka.

Kisha ikaja nyama ya kuchoma. Visu vilikuwa butu, ncha zake za mviringo, mtindo ambao wengi humhesabia Louis XIV wa Ufaransa, aliyepiga marufuku visu vya ncha kali mwaka 1669 ili watu wasidungane. Mfalme huyo hakuwahi kukutana na mbuzi wa Kyuso, aliyekua akipanda mawe na kutafuna migunga. Mzee yule alikandamiza ubavu kwa nguvu zake zote. Kisu kikateleza, ubavu ukaruka juu ya meza, ukatua mapajani mwa mama wa bwana harusi. Mama akautazama, akautazama umati, akauokota kwa mkono wa kulia na kuung'ata. Tenti nzima ikapumua, mikono ikaingia sahanini.

Jioni tulihesabu. Visu vilitimia, vijiko vikatimia, uma tisa hazikuonekana. Tulipekua maji machafu, majivu, hata zizi la mbuzi. Ndipo mtoto wa jirani akasema aliwaona akina mama wa upande wa wakwe wakifunga nyama ya safari kwenye foili, uma zikiwa bado zimechomekwa humo.

Nani angewapigia wakwe simu, siku moja baada ya ntheo, kudai uma? Nthoni, ile heshima ya wakwe, haikuruhusu. Baba alisema ni afadhali adaiwe ng'ombe.

Shangazi akarudi Mwingi kulipa. Tangu Harry Brearley wa Sheffield atengeneze chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, uma umezidi kuwa rahisi duniani kote, isipokuwa kwenye duka la kukodi vyombo pale mteja anaporudi na pungufu. Alitozwa bei ya mpya, na nauli juu yake.

Agosti tulialikwa Kitengela, nyumbani kwa wakwe. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, kisu kulia, uma kushoto, sawasawa na somo. Shangazi aligeuza uma wake taratibu. Doa jekundu lilikuwa palepale kwenye mpini.

“Uma nzuri hizi,” alisema. “Mmezinunua wapi?”

“Hata sijui, mwalimu. Nilizikuta tu kabatini,” alijibu mama wa bwana harusi. “Ongeza nyama.”

Shangazi aliomba maji ya kunawa.