Barua ya Wazi kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji

Kwa Kamishna Jenerali,
Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA PAMOJA KUTOKA SHINYANGA, KAHAMA NA GEITA

Waombaji, wachimbaji wadogo wa maeneo yanayotajwa hapo juu, wanaomba ajira kwa kufuata utaratibu ambao Serikali yenyewe iliuanzisha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 wakafa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson, aliyesimulia kwamba aliufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Baadaye Rais aliagiza kijana huyo achukuliwe na Jeshi, afundishwe uokoaji.

Waombaji waliifuatilia habari hiyo kwa makini kuliko tangazo lolote la ajira. Waliielewa hivi: sifa ya kwanza ya askari wa uokoaji ni kufika kabla ya Jeshi. Kwa kigezo hicho, ukanda wa dhahabu una vijana wa kutosha kujaza kambi zote nchini.

Wasifu wao ni huu. Oktoba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafungia chini wachimbaji sita. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi. Wa sita alikuwa amefia humo humo. Januari 2017, katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, Geita, watu 15, akiwemo raia mmoja wa China, walikaa chini siku kadhaa, wakatoka wote wazima. Agosti 2025, Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na safari hiyo habari haikuwa njema. Serikali ilifika katika matukio hayo, waombaji hawalikatai hilo. Ila kabla ya Serikali kufika kuna saa za kwanza, na saa za kwanza ni za wenye maduara: wanaojua shimo linapopinda, matimba gani yalikuwa yameoza, na nani aliingia zamu ya usiku. Sururu na koleo walizochimbia dhahabu asubuhi ndizo wanazomchimbia mwenzao jioni.

Jeshi nalo lina wasifu wake, na sehemu kubwa ni ya kuhamahama. Kwa miaka mingi zimamoto ilikuwa mtoto wa halmashauri za miji, ikigombea bajeti na takataka na machinjio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Za miji zikarudi 1978. Sheria Namba 14 ya 2007 ikaunda Jeshi la taifa, likaenda Wizara ya Mambo ya Ndani, likapata vyeo, magwanda na gwaride. Maji hayakuwemo kwenye uhamisho.

Kuna wakati vifaa vilikaribia kuja kwa wingi. Yalisainiwa makubaliano ya yuro milioni 408, zaidi ya shilingi trilioni 1, na kampuni ya Romania. Januari 2020 Rais Magufuli akayakataa hadharani, akisema hayakupitia Bunge. Waziri Kangi Lugola akaondolewa, na Kamishna Jenerali Thobias Andengenye naye. Waombaji wanakiri kwamba hawajawahi kuona moto ukizimwa haraka kiasi hicho.

Sasa suala la maji. Soko likiungua, wenye vibanda husema gari lilikuja bila maji. Jeshi hujibu kwamba gari halitoki kituoni bila maji. Wote wanasema kweli. Gari la lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika hukauka dakika ya 5. Dakika ya 6 ni mtazamaji kama watazamaji wengine, isipokuwa lina king'ora. Pa kujazia ni wapi? Mradi uliozinduliwa 2009 huvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, na waombaji wangefurahi kuonyeshwa bomba la zimamoto lililo karibu na kila soko njiani. Mali inayotoka huku haina shida ya usafiri: almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui 1947 ilimfikia Binti Mfalme Elizabeth, London, bila kukwama popote.

Kinachowahi ni cheti cha ukaguzi. Mwenye duka hulipa tozo, hukitundika ukutani juu ya mtungi mwekundu, na moto, kwa kuwa haujui kusoma, hukitafuna pamoja na shuka za dukani.

Uzoefu wa kujipanga upo. Mapema miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya Kahama na Shinyanga viliunda sungusungu: mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, wanaume hutoka na pinde zao, na anayejificha ndani hutozwa faini. Mwaka 1736, Philadelphia, Benjamin Franklin na majirani zake walianzisha kikosi cha zimamoto kwa kanuni za namna hiyo, kila mwanachama na ndoo zake za ngozi. Tofauti ni kwamba wale wa Philadelphia waliandikwa kwenye historia ya zimamoto, na hawa hawamo hata kwenye orodha ya kituo cha wilaya.

Magwanda hawayahitaji. Wanaomba kamba ndefu zisizokatika, kofia ngumu, kipimo cha hewa chafu kabla mtu hajateremka, pampu inayoweza kuvuta maji ya bwawa la karasha la kusagia mawe, na mkufunzi wa kukaa nao hadi wajue kumhudumia majeruhi bila kumvunja mgongo. Migodi mikubwa ya jirani ina vikosi vyake vya uokoaji vyenye vifaa hivyo, ng'ambo ya uzio.

Usaili waombaji wanapendekeza ufanyike mdomoni mwa duara, Nyandolwa. Wao watakuwepo mapema, kama kawaida yao. Jeshi lipange muda litakaoweza.